Jina la Mtoto ni Sala ya Nyumbani

Mwezi huu nimeombwa niandike juu ya kulea watoto katika imani. Wengine wameshaandika vizuri kuhusu sala ya jioni na kusoma Biblia pamoja. Mimi nitasema juu ya majina.

Ndugu zetu Wakongomani hutushangaa sisi Warundi: baba anaitwa hivi, mtoto vile, mdogo wake kitu kingine kabisa. Karani mmoja wa kuandikisha watu aliniuliza eti watoto hawa niliwaokota wapi, mbona hakuna aliyebeba jina langu. Nikamwambia, kwetu kila mtoto ana lake, na ndani yake mna neno ambalo wazazi walikuwa nalo moyoni siku ile. Mengine ni hesabu tu: Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane. Lakini sikilizeni haya: Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye. Habonimana, Mungu ndiye aonaye. Bizimana, Mungu ndiye ajuaye. Nduwimana, mimi ni wa Mungu. Wazee wetu walimtaja Imana kabla mapadre hawajafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na Biblia ya Kirundi inamwita kwa jina hilohilo. Kwa hiyo nikisikia kijana anasema jina la Kikristo ni lile la ubatizo tu, na la Kirundi ni la kienyeji, nasikitika. Jean ni jina zuri, silikatai. Lakini muulize maana yake, hajui.

Jirani yangu, mama wa kutoka Fizi, anasema kwao ilikuwa kinyume. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo. "Baba alikuwa anatuita yale majina usiku, saa ya sala, mlango umefungwa." Kumbe kule walificha jina la kanisa, na huku sisi tunasahau la nyumbani.

Sasa niwaambie la kwangu. Mwanangu wa pili alipata mtoto wa kiume hapa Nyarugusu mwaka 2017. Tulikuwa tumekimbia 2015, na yeye alikuwa amepoteza nyumba pamoja na rafiki yake wa utotoni. Akaja kwangu na jina ameshalichagua. Ni la Kirundi halali kabisa, maana zamani watu walitoa majina ya namna hiyo kumjibu jirani mbaya. Sitaliandika. Lilikuwa linawasema wale waliomtesa.

Nikamwambia, "Mwanangu, jina hilo utaliita mara ngapi kwa siku? Njoo ule, kachote maji, amka uende shule. Kila ukimwita utakuwa unawakaribisha watu wale humu ndani ya turubai."

Akajibu, "Baba, kwa hiyo nijifanye hawakufanya kitu?"

Swali hilo lilinikaa. Si la kujibiwa harakaharaka kwa mstari mmoja wa Biblia, na wahubiri wetu wengine wana haraka sana hapo. Nilinyamaza siku tatu. Mama mtoto naye jina lile hakulitaka, nilimwona, lakini mbele yangu hakusema.

Siku ya nne nikampa Sibomana. Kwa wasiojua Kirundi, ni kusema: si wao Mungu. Nikamweleza kwamba jina hili halifichi kitu. Wale watu wamo humo ndani, wametajwa, na walichofanya kinajulikana. Ila wamewekwa mahali pao. Hawakumuumba mtoto huyu, na siku zake hawazihesabu wao. Alilirudia mara mbili kwa sauti ya chini, akatoka nje. Jioni akarudi.

"Tumuite hivyo. Lakini mimi moyo wangu bado, Baba."

Nikasema sawa. Jina lilikuwa la mtoto, na yeye mwenyewe hatukumpangia siku.

Sibomana alianza shule, akajifunza kuandika jina lake, na jioni moja akauliza hao "wao" ni nani. Mimi nilifungua mdomo nijibu, lakini baba yake akamshika mkono wakaenda kukaa nje kwenye benchi. Sikusikia yote. Najua tu kwamba walikaa muda mrefu sana, na maharage aliyokuwa ameachiwa kuyaangalia yakaungua.