Maji Matamu Baharini

Mtu akaaye nchi kavu, karibu na kisima au bilula, huyaona maji kuwa kitu rahisi. Thamani yake huijua zaidi mtu aliye baharini. Chombo huzungukwa na maji mbele na nyuma, kulia na kushoto, wala hakuna tone moja la maji hayo limfaalo mwenye kiu. Kila lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mafigo ya mwanadamu, ili yaitoe chumvi hiyo mwilini, hutumia maji mengi kuliko yale yaliyonywewa. Kwa hiyo anywaye maji ya bahari huongeza kiu badala ya kuikata. Uhai wa watu wote chomboni umo katika maji matamu waliyoyapakia bandarini. Maji hayo yakianza kunuka, safari nzima imeingia mashakani.

Taabu hii ni ya zamani. Majahazi ya pwani yetu yalichukua maji katika mitungi, mapipa na fantasi, yaani tangi kubwa la mbao. Merikebu za Ulaya zilitumia mapipa, na baada ya majuma machache maji yake yaligeuka rangi, yakafanya utelezi, yakanuka. Mwaka 1785 Tobias Lowitz, mkemia wa St Petersburg, aligundua kuwa makaa huondoa rangi katika vimiminika, na ugunduzi huo ukatumiwa kusafishia maji ya merikebuni. Kwetu pwani iko desturi ya kuufukiza mtungi kwa ubani ili maji ya kunywa yapate harufu nzuri. Ni desturi ya kupendeza. Lakini mama ajuaye kazi yake huusugua mtungi kwanza, akausuuza, akauanika, ndipo aufukize. Ubani ni pambo la mtungi safi, si pazia la mtungi mchafu.

Maana ya maneno haya niliiona kwa macho yangu katika safari moja ya kutoka Mombasa kwenda Lamu. Chombo chetu kilikuwa cha injini. Kilikuwa kimekaa bila kazi miezi mingi ya kusi, na ile ilikuwa safari yake ya kwanza. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama mmoja na binti yake wa miaka kama mitatu. Jua lilipopanda, mtoto aliomba maji. Aliletewa kikombe, akakigusa kwa midomo, akakirudisha. Aliletewa tena, akalia. Mabaharia walicheka, wakasema kuwa mtoto ana deko, kwa maana wao walikuwa wameyanywa maji yale tangu alfajiri wala hawakuona kitu. Nilikipokea kikombe, nikakinusa. Maji yalinuka kama yai viza. Ilipokaribia adhuhuri midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, na kilio chake kimepungua sauti.

Tajiri wa chombo, ambaye tulikuwa naye safarini, alitoa shauri la kukamua ndimu ndani ya tangi na kuendelea na safari, kwani shehena yake ilikuwa ikingojewa Lamu. Serehangi, mzee kuliko wote chomboni, hakukubali.

"Tajiri," alisema kwa adabu, "ndimu itaificha harufu, haitaiondoa. Harufu hii imekuja kutupa habari. Tukiiziba mdomo, habari yenyewe itabaki palepale."

Kisha akamgeukia nahodha. "Nahodha, mtoto huyu hana sababu ya kutudanganya. Tuingie Kilifi."

Nahodha alikuwa mtu wa mshahara, na mshahara wake ulitoka katika mkono wa tajiri. Alinyamaza kitambo, akimtazama mtoto, akiitazama bahari. Halafu, bila ya neno, aliugeuza usukani kuelekea mlango wa hori la Kilifi. Saa ile tajiri alikasirika. Lakini mama na bintiye walipofika pwani walipata maji safi, wakanywa.

Serehangi hakukimbilia kusafisha kabla ya kujua mahali pa kusafisha. Alichota kikombe kimoja ndani ya tangi lenyewe, na cha pili akakinga bilulani. Vyote viwili alivipeleka juu ya sitaha penye upepo, mbali na ngama, maana maji machafu ya ngama hunuka, na mara nyingi maji ya kunywa husingiziwa harufu isiyo yao. Kama vikombe vyote visingenuka, lawama ingekuwa ya ngama. Kama cha bilula peke yake kingenuka, lawama ingekuwa ya mabomba. Vilinuka vyote, na cha bilula kilizidi.

Tangi lilipofunguliwa, siri ilitoka. Maji ya kabla ya kusi hayakumwagwa. Maji mapya yalitiwa juu yake. Chini palikuwa na tope jeusi, na kuta zilikuwa na utelezi. Tena mpira uliotumiwa kujazia tangi ulikuwa ndio uleule uliooshea sitaha kwa maji ya bahari. Hapo sayansi inatufunulia jambo. Katika maji yaliyotuama mahali pasipo hewa huishi bakteria ambao huzitumia chumvi za salfa, nao hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Maji ya bahari yana chumvi hizo kwa wingi. Mabaki yake kidogo ndani ya mpira, pamoja na tope na muda mrefu, ni karamu kwa bakteria hao.

Kazi ilifuata utaratibu. Maji yote yalimwagwa. Tope lilizolewa, na kuta zikasuguliwa mpaka utelezi ukaisha, kwa kuwa uchafu huila nguvu ya dawa kabla dawa haijawafikia bakteria. Tangi likajazwa maji safi, likatiwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ya asilimia 5, isiyotiwa manukato. Kipimo chake ni lita 1 kwa maji lita 1,000. Tangi letu lilikuwa la lita 200, basi ilitosha mililita 200. Kila bilula ilifunguliwa mpaka harufu ya klorini ikatoka, ili dawa ipite katika mabomba yote. Ikaachwa humo usiku kucha. Asubuhi yote yalimwagwa, na tangi na mabomba yakasuuzwa mara kwa mara hadi harufu ya dawa ikaisha. Mpira mpya ulinunuliwa, ukatengwa kwa maji ya kunywa tu. Mambo mawili hayana ruhusa katika kazi hii: kuchanganya dawa ya klorini na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na kuingia ndani ya tangi kubwa lililofungwa, kwani hewa ya humo imepata kuwaua watu.

Hata hivyo, pua si hakimu wa mwisho. Mwaka 1854 watu wengi wa mtaa wa Broad Street mjini London walikufa kwa kipindupindu kilichotoka katika kisima ambacho wanywaji wake walikisifu kwa maji mazuri. Daktari John Snow ndiye aliyewaonyesha wakuu wa mtaa kuwa chanzo ni kisima hicho. Maji yasiyonuka yaweza kuwa na maradhi, kwa hiyo maji yenye shaka yachemshwe au yatiwe dawa. Lakini pua inaposema kuna kasoro, si busara kubishana nayo.

Msomaji, huenda usiwe baharia, lakini shuleni kwako au nyumbani kwenu pana tangi la maji. Ulize lilioshwa lini. Kumbuka pia kuwa pua huzoea: akaaye na harufu siku nyingi huacha kuisikia, na aliye mgeni au mdogo huwa wa kwanza kuitambua. Mtu huyo aghalabu huchekwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mahali popote ambapo watu hukasirikia habari za uchafu kuliko uchafu wenyewe, tope huzidi chini ya tangi. Heri kuchelewa siku moja Kilifi kuliko kufika upesi na maji ambayo mtoto amekataa kuyanywa.