Tunda Moja, Vikombe Tofauti

Ukitoka Masasi, mji wa majabali, ukapanda uwanda wa Makonde hadi Newala kati ya Oktoba na Desemba, harufu ya mabibo itakupokea kabla ya wakwe. Huku mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa mpaka yachachuke: huo ndio uraka. Wabrazili, kwao mkorosho ulikotoka, hupenda juisi yake tamu, baridi, isiyo na kilevi. Goa, India, huigeuza feni, pombe kali. Kwetu ukiuvukiza uraka unapata gongo, na gongo ni kesi!

Sasa, mpenzi wako amekuleta utambulishwe, hunywi pombe, na kikombe kimeshafika. Usikunje uso. Pokea kwa mikono miwili, kisha sema taratibu: “Asante mama, mimi situmii. Naomba maji tu.”

Yakija, yamalize. Mchanga wa uwanda huu hunyonya mvua yote, na kwa miaka mingi kina mama waliteremka mabondeni kufuata chemchemi, wakapanda na ndoo kichwani. Kumwaga nusu glasi ni kumwaga jasho la mkweo. Naye, usidanganyike, anakutazama.