Ukienda Kariakoo na mtoto, mfundishe kwanza anapokaa

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Mtaa wa Congo pale Kariakoo haupitiki. Sare, mabegi na viatu vimemwagwa chini hadi katikati ya barabara, wenye maguta wanapiga kelele wapishwe, na mawinga wanakuvuta mkono wakuingize dukani. Januari moja nilikwenda huko na mwanangu wa darasa la tatu. Nilimwachia mkono nihesabu hela ya viatu. Nilipogeuka, hayupo.

Mzazi mwenzangu, kama yamekukuta unajua. Miguu iliisha nguvu. Nilianza kuita jina lake, na kila mtoto mwenye shati jeupe nilimwona ni wangu.

Nilimkuta hatua chache mbele, amekalishwa juu ya robota la mitumba, mkononi ana maji ya kandoro. Kijana muuza mabegi ndiye aliyemshika.

"Mama, nimemuuliza anakaa wapi, akasema Ilala," aliniambia. "Nikamuuliza Ilala ipi, akasema Jiji la Dar es Salaam. Sasa mama, si hata hapa tulipo ni Jiji la Dar es Salaam?"

Nilimshukuru huku nalia na kucheka. Kwenye daladala ya kurudi Buguruni mtoto aliuliza, "Mama, nilikosea?"

Hakukosea. Alijibu kama alivyofundishwa shuleni. Ila majina hayo makubwa yamebadilika mno, hata sisi wakubwa yanatuchanganya.

Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Mwaka 2000 ikawa na manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Juu yake ilikaa Halmashauri ya Jiji, ambayo haikuwa na eneo lake yenyewe. Februari 2021, Rais John Magufuli aliivunja halmashauri hiyo, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo au Buguruni alilala manispaa akaamka jijini, bila kuhama chumba. Jina la manispaa likafa, lakini Ilala haikufa: bado kuna Wilaya ya Ilala, Jimbo la Ilala na Kata ya Ilala. Ndiyo maana yule kijana aliuliza, "Ilala ipi?"

Kariakoo yenyewe imeshazoea mambo haya. Jina lake limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo palikuwa pembezoni mwa mji. Wakoloni waliwatenga watu kwa rangi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na makazi ya Waafrika. Leo huko pembezoni ndiko kila mtu anakokimbilia, na mfanyabiashara anatoka Lubumbashi au Lusaka kufuata mzigo. Waliotawala wamebadilika, vyeo vya mji vimebadilika, lakini watu waliendelea kusema Kariakoo.

Safari ya pili nilifanya tofauti. Tulishuka Mnazi Mmoja asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, tukatembea taratibu. Nilimwonyesha Mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Nilimwonyesha soko kuu lililochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, kisha likaungua Julai 2021. Kila kona nilimuuliza, "Hapa ni wapi?" Akisahau, tunarudi nyuma.

Na kabla ya kutoka nyumbani tulikuwa tumefanya mazoezi kwa wiki nzima. Jina lake na la ukoo. Namba yangu ya simu, kwa kichwa. Buguruni, mtaa wetu, na kitu cha jirani ambacho konda yeyote anakijua. Na kwamba akipotea asitembee: asimame hapo hapo, amwombe msaada mama mwenye meza au mwenye duka, siyo mpita njia.

Wakubwa wataendelea kupandisha na kushusha majina ya halmashauri, na fomu za shule tutajaza kama tunavyoelekezwa. Lakini mtoto aliyepotea sokoni hasaidiwi na jina la halmashauri. Anasaidiwa na jina la mtaa na namba ya mama au baba.

Leo jioni, kabla hamjala, muulize wako: "Ukipotea Kariakoo, utasema unakaa wapi?" Msikilize mpaka amalize. Wangu nilidhani anajua.