Hela ya Mahari Ikageuka Tanuri la Pizza, Mchumba Akaja Kuliona Status

Kinyerezi, jijini Dar, kuna kijana ambaye washkaji mtaani wamempa jina ambalo halitafutika leo wala kesho: Mjenga Mahari. Wala hakasiriki. Anajua alivyolipata.

Stori iko hivi. Jamaa alikuwa mpishi kwenye hoteli moja, upande wa pizza, miaka mitano mbele ya tanuri la kuni. Hoteli ikapunguza watu, naye akawemo. Kwenye simu alikuwa na akiba ya milioni 2, ambayo yeye na mchumba wake walishakubaliana kuwa ni ya mahari. Barua ya posa ilikuwa imepelekwa na kujibiwa. Kilichobaki ni wazee kukaa.

Badala ya kwenda kwa wazee, jamaa akaenda kununua matofali.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Tanuri la matofali likishika moto vizuri linapita nyuzi joto 400, na kwa joto hilo pizza inaiva ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Kule Napoli, Italia, ufundi huu unaheshimiwa kiasi kwamba mwaka 2017 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Oveni ya kawaida ya nyumbani haifiki huko hata uilazimishe. Jamaa alijua hesabu zake: uwanja wa nyumbani kwa mama upo, mkono anao, na wikiendi watu wanatafuta kitu tofauti na chipsi.

Kilichomponza ni haraka. Alimchukua fundi aliyezoea kujenga fensi, wakamwaga zege, wakapanga matofali ya kuchoma juu yake kwa saruji, siku mbili kuba limesimama. Fundi wa watu akamwambia, "Bosi, hili liache angalau wiki likauke." Jamaa akajibu kuwa wageni wameshaalikwa. Akapiga picha, akaweka status: "Ofisi mpya." Kesho yake akasukumia kuni za kutosha na kuwasha moto mkubwa.

Maji yaliyokuwa bado yamo ndani ya ukuta yakageuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Paa! Ufa ukatembea kutoka mlangoni hadi juu ya kuba. Pizza zilizoingia zikaungua juu huku chini ni unga mbichi, kwa sababu sakafu ilikaa moja kwa moja juu ya zege, na zege likawa linanyonya joto lote. Wageni walikula kwa adabu, wakaaga mapema.

Mchumba hakuwa kati ya wageni. Yeye aliiona ile status akiwa kwenye daladala, anatoka kazini. Aliandika sentensi moja tu: "Hayo matofali yamenunuliwa na hela gani?" Jamaa akasoma. Tiki zikawa bluu. Hakujibu siku mbili.

Hapo ndipo wengi mtaani walijua ndoa imeota mbawa. Siku ya tatu geti likagongwa. Hakuwa mchumba, alikuwa baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona mahari yangu."

Mzee alilizunguka lile tanuri mara mbili, mikono nyuma. Akachungulia ndani, akaweka kidole kwenye ufa. Halafu akauliza, "Nani alikuwa na haraka hapa?"

Kumbe mzee ujanani kwake Iringa alikuwa anachoma matofali. Akaeleza kuwa tanuru la matofali linapewa moto kwa mpango, halafu linaachwa lipoe lenyewe. Ukilifungua kabla halijapoa, matofali yanapasuka na kazi yote inakuwa hasara. Jamaa alikuwa anasubiri matusi, akapewa somo. Mwisho mzee akasema, "Hela utanirudishia. Lakini na huyo mtoto wangu ukakae naye uzungumze. Mimi sitabeba maneno yenu."

Mchumba alikuja Jumapili. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mimi sijaumia kwa sababu ya hela. Ungeniambia, ningebeba matofali na wewe. Umeniacha nikasome kwenye status kama shabiki."

Jamaa hakuwa na jibu. Dada akatoa daftari kwenye mkoba. "Haya, safari hii tunaandika kwanza."

Wakabomoa. Wakachora kuba lenye upana wa sentimita 90 kwa ndani na kimo cha sentimita 45. Mlango wakaupa kimo cha sentimita 28, kwa sababu mlango wa tanuri la namna hii unatakiwa uwe karibu asilimia 63 ya kimo cha kuba. Ukiuzidisha joto linakimbia, ukiupunguza moto unakosa hewa. Juu ya zege wakalaza chupa tupu zilizookotwa baa, wakazijazia udongo uliochanganywa na maranda ya mbao ili joto lisishuke. Matofali maalumu ya kuhimili moto ni ghali, wakanunua ya sakafu tu.

Kisha wakarundika mchanga wenye unyevu, wakauumba kama nusu chungwa, wakaufunika magazeti ya zamani, na kupanga matofali ya kuchoma juu yake kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Saruji ya kawaida haipendi moto wa namna ile. Kuba liliposhika, wakautoa mchanga kupitia mlangoni, wakavika nje tabaka jingine nene la udongo na maranda. Juu wakasimamisha kibanda cha bati, mvua isije ikalilowesha. Mama wa jamaa, mzaliwa wa Pemba, akalitazama na kucheka: "Mnalipa majina ya kizungu, kwetu tunaoka mkate wa mofa."

Baada ya kuliacha likauke, ikafuata kazi ya moto mdogo. Siku 7. Siku ya kwanza vijiti tu, kama unachemsha chai. Kila siku unaongeza kidogo, ili unyevu utoke polepole. Mchumba alikuwa anapitia pale kila jioni akitoka kazini, wanakaa wawili wanalinda kamoto.

Jioni ya nne jamaa akafunguka. Alisema aliogopa kutoa ile milioni 2, aoe, halafu awe mume wa kumuomba mkewe nauli. Aliona bora ajenge kitu kwanza, aje na habari njema. Dada alikaa kimya muda mrefu, akaongeza kijiti kimoja. "Hofu hiyo ndiyo ulitakiwa kuniletea," akasema. "Habari njema ningezisikia hata kwa majirani."

Jumamosi ya kwanza, kuba lilikuwa jeusi kwa masizi. Baada ya karibu saa mbili za moto, masizi yakaanza kuungua, matofali yakarudi rangi yake. Hiyo ndiyo dalili kuwa limeiva. Pizza ya kwanza ilitoka chini imekauka vizuri, pembeni imevimba na madoa meusi. Ilipelekwa kwa mzee, bure.

Mpaka sasa mahari imelipwa nusu. Lile daftari bado linatumika: ukurasa mmoja unga na kuni, ukurasa wa pili deni la mzee, na miandiko ni ya watu wawili. Nyufa ndogo bado zipo kwenye kuba, na kila mteja mpya anaziulizia.

Haya wadau, hasa akina dada: mchumba akikufanyia hivi, unampa siku 7 za moto mdogo, au unamblock siku hiyohiyo?