Mlinzi Anayemzuia Hata Mwenyeji



Zaidi ya mtu mmoja ametuuliza, pale mlangoni pa kanisa baada ya Misa, fayawoli ya kompyuta ni kitu gani na kwa nini huzuia mambo ambayo mwenye nyumba mwenyewe ameyataka. Tumeona afadhali tujibu kwa maandishi, kwa kuwa maelezo ya kusimama juani hayakai kichwani.

Wengine huiita ukuta wa moto, tafsiri ambayo kwa maoni yetu humfanya msikilizaji afikirie jiko kuliko kompyuta. Sisi twaifananisha na mlinzi wa getini mwenye orodha mkononi. Katika Windows desturi ya mlinzi huyu ni hii: kinachotoka ndani hukiruhusu, isipokuwa iwepo kanuni ya kukizuia, kinachobisha kutoka nje hukizuia, isipokuwa kiwe ni jibu la kilichoombwa kutoka ndani, au iwepo kanuni ya kukiruhusu. Ndiyo maana mtu husoma habari za intaneti bila shida, lakini simu iliyo chumba cha pili ikashindwa kuifikia kompyuta ya sebuleni.

Hilo la mwisho ndilo lililompata mama mmoja wa jumuiya, mwalimu mstaafu. Marehemu mumewe aliongoza kwaya miaka mingi, na nyimbo walizorekodi katika kanda zilikuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Mama alikuwa amevunjika nyonga na hawezi kuketi mezani. Alitaka azisikilize kitandani kwa simu. Mjukuu wake, mwanafunzi aliyekuwa likizo, aliweka programu ya bure ya kugawa muziki ndani ya nyumba. Kwenye kompyuta yenyewe nyimbo zilisikika vizuri. Kwenye simu, duara lilizunguka hadi likachoka.

Tulipofika kumjulia hali, kijana alikuwa ameshakata shauri. “Shikamoo Padre. Mimi naona tuizime tu hii fayawoli, tumalize kazi.”

Tulimwomba asubiri. Kuizima kwa dakika moja ili kujaribu, na kuiwasha tena papo hapo, si jambo baya. Tatizo ni kwamba ikizimwa na muziki ukalia, hakuna anayekumbuka kuiwasha. Wenye umri wetu hatujausahau Agosti 2003, pale mdudu aliyeitwa Blaster alipoingia katika kompyuta nyingi duniani kupitia mlango namba 135, bila mtu kufungua barua wala faili lolote. Windows XP ilikuwa na fayawoli tangu mwanzo, lakini haikuwa imewashwa. Ni mwezi Agosti 2004, kwa toleo la marekebisho la pili, ndipo ilipoanza kuwashwa yenyewe.

Tukaanza na yaliyo mepesi. Je, simu inatumia Wi-Fi ya nyumbani, au bando lake yenyewe? Swali hili huonekana la kitoto, ila usilipuuze. Simu ilikuwa kwenye Wi-Fi, na anwani yake ilianza na 192.168.1, sawasawa na ile ya kompyuta. Kisha tukatazama Windows inauhesabu mtandao ule kuwa wa umma au wa faragha, kwa maana kanuni nyingi za kugawana hutumika katika mtandao wa faragha tu, na nyumba ikibadilisha ruta Windows huweza kuuona mtandao mpya kama wa umma, kana kwamba mmehamia stendi ya mabasi. Hapo napo palikuwa sawa: wa faragha.

Ikabaki kumwuliza mlinzi mwenyewe. Fayawoli ya Windows ina daftari la kumbukumbu, lakini haliandiki waliofukuzwa mpaka uliagize. Tuliliagiza, kijana akajaribu tena kwa simu, kisha tukalifungua faili liitwalo pfirewall.log. Mstari ulikuwepo: saa, neno DROP, anwani ya simu, anwani ya kompyuta, na mlango namba 8096. Basi ujumbe wa simu ulikuwa umefika hadi getini, ukakataliwa pale pale.

“Lakini nimeiruhusu mara nne!” kijana akasema. Ni kweli: katika orodha ya kanuni za kuingia kulikuwa na kanuni 4 za kuruhusu, zote mkono wake. Chini zaidi kulikuwa na mbili zenye alama nyekundu, zenye jina la programu ile ile, moja ya TCP na nyingine ya UDP. Hizo huzaliwa pale programu inapoanza kusikiliza kwa mara ya kwanza, Windows ikauliza kama iruhusiwe, na mtu akabonyeza kukataa au akalifunga tu dirisha. Tena, kwa mtumiaji asiye na mamlaka ya msimamizi, mara nyingi hutungwa hata bila swali kuulizwa; kwa hiyo hatukumtafuta mkosaji. Palipo na kanuni iruhusuyo na nyingine izuiayo jambo lile lile, izuiayo ndiyo hushinda. Angeweza kuongeza arobaini, na mlinzi asingetikisika.

Tulizifuta zile mbili nyekundu, pamoja na tatu kati ya zake nne. Iliyobaki tuliifungia katika mtandao wa faragha peke yake, na kwa anwani za ndani ya nyumba tu. Fayawoli haikuzimwa hata dakika moja.

Kijana akapeleka simu chumbani. Kwaya ilianza, na katikati ya beti ikasikika sauti ya mwalimu wao akihesabu mapigo. Mama alinyamaza muda. Kisha akamwambia mjukuu kwamba sauti ya pili walikuwa wakichelewa siku zote, na babu yake hakuchoka kuwagombeza, akamtaka aurudie wimbo ule tangu mwanzo.