Mgeni, Jembe na Jiji: Kuwasoma Wasafiri wa Kiswahili Mjini Berlin

Tembea uone, husema wahenga; hawasemi tembea usifu, wala tembea ulaumu. Naanza na methali hii kwa sababu katika darasa la uzamili ninalolifundisha, kila tunapofikia maandishi ya Waswahili waliosafiri Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, huzuka swali lile lile: je, mwandishi huyu aliupenda mji aliouzuru au aliuchukia? Darasa hugawanyika mara moja. Upande mmoja huona katika kila sifa dalili ya kasumba, kwamba msafiri ametekwa na taa na majumba ya mtawala wake. Upande wa pili huyapekua maandishi hayo hayo kwa kutafuta chembe za upinzani, na ukipata sentensi moja ya manung'uniko huiinua juu kama bendera. Pande hizi zinapingana, ila kuna jambo moja zinaloafikiana: zote zinamtaka msafiri awe na moyo mmoja. Nia yangu katika kurasa hizi ni kulitilia shaka sharti hilo, kwa kuyaangalia maandishi hayo na kwa kuyaweka kando ya wiki saba nilizopata kukaa mjini Berlin.

Nimeichagua Berlin kwa kuwa uhusiano wake na nathari ya Kiswahili ni wa zamani na wa karibu. Mwaka wa 1887 ilianzishwa mjini humo Seminari ya Lugha za Mashariki, chini ya chuo kikuu ambacho leo kinaitwa Humboldt, ili kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamishonari waliokusudia kwenda ng'ambo. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na wenyeji wa lugha waliletwa kutoka pwani yetu kusaidia kazi hiyo. Amur bin Nasur wa Unguja alifika mwaka wa 1891, na maelezo yake yalitiwa katika mkusanyo wa Büttner uliotoka 1894. Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake, Theodor Bumiller, mwaka wa 1896 katika safari ya Urusi na Siberia. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli cha Carl Velten (1901), na wengi wetu tuliyafahamu kupitia Swahili Prose Texts, kitabu cha Lyndon Harries cha mwaka wa 1965. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliingia Berlin mwaka wa 1900.

Kabla ya kuuliza walichosema hawa, yafaa tuulize walikuwa wakimwambia nani. Maandishi hayo hayakuwa barua za kwenda nyumbani. Yalikusanywa na wahariri waliokuwa pia walimu wa Seminari, yakachapishwa pamoja na tafsiri za Kijerumani, na msomaji wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi aliyejiandaa kwenda kutawala au kufanya biashara huko huko alikotoka mwandishi. Kwa hivyo aliyeandika habari za Berlin aliandika mbele ya mwenye nyumba. Nasi twajua adabu ya mgeni ilivyo. Mgeni wa pwani aliyeandaliwa chakula hamwambii mwenyeji wake kwamba mchuzi umekosa chumvi. Husema ameshiba, akashukuru. Haitoki na hayo kwamba amesema uongo, kwa maana huenda ameshiba kweli. Yanayotoka ni kwamba shukrani ina kaida zake, na mhakiki asiyezijua kaida hizo atadhani anasoma imani ya mtu pale anaposoma heshima yake.

Iko methali nyingine inayotusogeza mbele zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia kumzindua mgeni aliyezidisha makazi. Lakini inaweza pia kusomwa kama nadharia fupi ya fasihi ya safari. Inatuambia kwamba ugeni una nyakati mbili. Katika siku mbili za kwanza mji ni karamu. Mgeni anakula kwa macho. Jembe likishatiwa mkononi, mji unakuwa shamba, na mgeni anaujua kwa mgongo na viganja. Anayeuona mji kwa macho na anayeujua kwa mgongo ni mtu yule yule, na hakuna sababu ya kumtaka aseme neno moja kuhusu mambo mawili.

Wasafiri tunaowazungumzia walipewa jembe tangu siku ya kwanza. Amur na Mtoro walikwenda kufundisha. Salim alikwenda kutumika. Hawakuwa watalii, na hili ndilo linalowatenga na Wazungu waliotembea nchi zetu katika miaka hiyo hiyo wakaandika vitabu vinene. Mzungu aliyetembea Afrika aliona. Mswahili aliyetembea Ulaya aliona huku akionwa. Ushahidi mkubwa wa hali hii ni Maonyesho ya Kikoloni yaliyofanyika Treptow, mashariki mwa Berlin, mwaka wa 1896. Watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, Afrika Mashariki ikiwemo, waliwekwa huko katika vijiji vya kuigiza ili wakazi wa mji wapite na kuwatazama. Mmoja wao, Kwelle Ndumbe wa Kamerun, alijipatia darubini ndogo ya tamthilia akaanza kuwatazama watazamaji. Hakuacha kitabu, lakini kwangu mimi kitendo chake ni uhakiki kamili: aliyeletwa awe kioja aliugeuza umma wa Berlin kuwa kioja chake.

Kisa cha Mtoro ndicho kinachouma zaidi. Jina lake limefungamana na Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka wa 1903 kikiwa na jina la Velten mbele. Humo tunamwona mtaalamu mwenye utulivu, anayeeleza ndoa, unyago, safari na matanga kwa lugha isiyotetereka. Darasani, hata hivyo, alilazimika kuvumilia matusi ya wanafunzi yaliyohusu rangi yake, akalalamika, na mwaka wa 1905 kazi yake katika Seminari ikafikia mwisho. Mwaka uliotangulia alikuwa ameoa mke Mjerumani. Walipofunga safari ya kurudi pwani, wakuu wa koloni walikataa wasiteremke pamoja, ikawabidi warejee Ulaya. Mtoro alifariki Berlin mwaka wa 1927, akiwa amekaa Ujerumani karibu nusu ya umri wake. Je, mtu huyu aliupenda mji ule? Ulimpa mke, kazi, wasomaji na jina. Ulimpa pia matusi, na serikali yake ndiyo iliyomfungia mlango wa kwao. Tukimtaka achague upande, tunamwomba aukane nusu ya umri wake kwa ajili ya kuturahisishia sisi uhakiki.

Na sasa niseme yangu. Nilikwenda Berlin wakati wa baridi, kwa mwaliko wa kitaaluma, kusoma maandishi ya kale na kutoa mihadhara michache. Nilikuwa mgeni wa heshima, mwenye chumba chenye joto na kadi ya maktaba. Silinganishi hali yangu na ya Mtoro. Hata hivyo, zile nyakati mbili za ugeni nilizitambua upesi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za macho. Nilistaajabia treni zinazofika kwa dakika zilizoandikwa, na maktaba ambamo kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa kabla babu yangu hajazaliwa kiliwekwa mezani kwangu bila swali. Nilikwenda kwenye Makumbusho ya Elimu Asilia, mtaa wa Invalidenstraße, kumwona yule mjusi mkubwa wa Tendaguru. Mifupa yake ilichimbuliwa kati ya 1909 na 1913 huko Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini, na mwaka wa 1937 ikasimamishwa mjini Berlin. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Nilisimama chini yake kama mtoto, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi. Furaha hiyo haikunizuia kuona kwamba nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita ili nikutane na jirani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wanasayansi walikuja kulikumbuka jina lake mwaka wa 2007 walipomwita mjusi mwingine wa Tendaguru Australodocus bohetii. Mahali pale pale, kwa dakika ile ile, nilihisi fahari, shukrani na hasira. Hakuna hata moja iliyoiondoa nyingine.

Kisha jembe likaja. Desemba jua la Berlin huchwa kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi hukaribiana kama watu waliobanana garini. Ndani ya treni watu hawasalimiani, nami niliyelelewa kuamini kwamba kumpita mtu bila salamu ni kumtangazia ugomvi, nilijifunza kutazama dirishani. Dirisha lenyewe lilinirudishia uso wangu, na nyuma yake nyuso zilizokuwa zikinichungulia. Baada ya mhadhara mmoja mtu mzima mwenye ukarimu aliniuliza nimejifunzia wapi Kiswahili kizuri namna ile. Alikusudia kunisifu. Wiki hiyo hiyo ofisa mmoja alinitaka nionyeshe tiketi ya kurudi mara mbili, kana kwamba ile ya kwanza ingebadilika. Na jioni ya siku hiyo mama jirani aliyeishi peke yake aligonga mlango wangu akiwa na supu ya moto, kwa kuwa alinisikia nikikohoa. Basi niandike nini nyumbani? Kwamba Wajerumani ni wakavu? Kwamba ni wakarimu? Barua niliyomwandikia mke wangu ilikuwa na yote mawili, tena katika aya moja.

Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia kuliko tunavyoikubali. Neno tunalolitumia sana kuelezea miji ya kigeni ni ajabu, pamoja na jamaa zake staajabu na maajabu. Neno hili lina upande wa sifa na upande wa shutuma. Jengo refu ni la ajabu. Mtu anayekula peke yake huku mwenzake akitazama naye ni wa ajabu. Hali ni hiyo kwa kushangaa: hushangaa mwenye kuona uzuri usio kifani, na hushangaa aliyepigwa na bumbuazi kwa ubaya usiotarajiwa. Msomaji wa tafsiri hulazimishwa achague, kwa sababu mfasiri amekwisha kumchagulia. Msomaji wa Kiswahili halazimishwi. Kwa hiyo tunapoyasoma masimulizi ya wasafiri hawa, tusiwe wepesi kulihesabu neno ajabu katika safu ya sifa. Lipimwe mahali pake: ni siku mbili za kwanza au ni baada ya jembe? Msemaji anatazama, au anatazamwa? Anayesikiliza ni mwenyeji, au ni ndugu aliyebaki Unguja?

Huenda mtu akasema kwamba usomaji wa namna hii unamwondolea msafiri lawama, na kwamba mhakiki ana wajibu wa kuutaja utumwa wa mawazo pale anapouona. Silikatai hilo. Zimo sifa ambazo ni utumwa mtupu, na yako manung'uniko ambayo ni majivuno ya mtu aliyekosa chapati. Ninachokidai ni kwamba hukumu ije baada ya kusikiliza. Tusipofanya hivyo tutawatendea Amur, Salim na Mtoro lile lile walilotendewa watu wa Treptow: tutapita mbele yao, tuwatazame kwa dakika chache, kisha twende zetu tukiwa na jibu tulilokuja nalo.

Mji wenyewe nao haukukaa kimya. Mnamo 2010 ukingo mmoja wa mto Spree uliokuwa na jina la mwanzilishi wa ngome ya biashara ya watumwa ulipewa jina la May Ayim, mshairi Mjerumani mwenye asili ya Ghana. Mwaka wa 2025, baada ya mabishano ya miaka mingi na kesi mahakamani, mtaa ambao jina lake la zamani liliwaudhi wengi kwa kuwadunisha Waafrika uliitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße, kwa heshima ya mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana. Majina hayajengi nyumba wala hayarudishi mifupa. Lakini yanaonyesha kwamba mwenyeji naye ameanza kujisoma kwa macho ya mgeni, na wahenga walilitazamia hilo waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wanafunzi wetu watasafiri zaidi kuliko sisi. Baadhi yao watakwenda Berlin hiyo hiyo kwa ufadhili, wataandika ripoti kwa wafadhili na ujumbe wa simu kwa mama zao, na ripoti na ujumbe huo havitafanana. Kazi yetu darasani ni kuwafundisha kwamba tofauti hiyo si unafiki. Ni nathari ya mtu mwenye macho mawili na mgongo mmoja, nayo ina haki ya kusomwa yote, mwanzo hadi mwisho.