Fundi Aliyetukatalia

Zamani wazee wetu wa huku Uvira hawakuajiri fundi. Mtu aliyetaka nyumba alikusanya miti, matete na majani, akawaambia ndugu na majirani siku ya kuja. Wanaume walisimamisha miti na kufunga fito, vijana walikanyaga udongo, wanawake walichota maji, na jioni mwenye nyumba alitoa bugali, ndagala na pombe. Hakuna aliyelipwa feza, maana kesho ilikuwa zamu ya mwingine. Lakini kabla ya mti wa kwanza kuchimbiwa, mzee wa mahali aliitwa na kuulizwa: Hapa kuna nini? Nani alikaa hapa mbele yetu? Aliondoka kwa nini?

Sisi tuliosoma tuliiona desturi hiyo kuwa ndogo. Tunaandika hapa namna ilivyotugharimu kuiacha.

Mwaka 2011, sisi ndugu wanne tulichanga feza ili tumjengee mama yetu nyumba. Paseli tuliipata karibu na mto Mulongwe, kwa bei iliyotufurahisha. Karatasi ya mauzo ilikuwepo, yenye sahihi za mashahidi. Matofali ya kuchoma yalikuwepo, mabati pia. Kilichobaki ni fundi tu. Majirani wakatuelekeza kwa mzee mmoja aliyejenga nyumba nyingi mjini.

Alikuja asubuhi, bila kamba na bila mwiko. Alizunguka paseli polepole, akaokota jiwe moja la mviringo, laini kama yai, kisha lingine, akatuuliza nani aliyaleta. Tukacheka: "Mzee, hayo mawe ni ya hapa hapa."

"Hapana," akasema. "Mawe ya namna hii hayazaliwi hapa. Ni mto iliyaleta. Mulongwe ilishapitaka hapa, na itarudia. Mimi hapa sijenge, watoto wangu. Mutafute mwingine."

Tulimshukuru kwa adabu, lakini alipoondoka tulisema maneno. Huyu ameshazeeka. Huyu anatafuta tumwongezee bei. Siku iliyofuata tulipata fundi mwingine, kijana, ambaye aliuliza mambo mawili tu: simenti ni mifuko mingapi, na avansi ni kiasi gani. Huyo ndiye tuliyempenda.

Tuseme ukweli juu yake: hakuwa mwizi. Kuta zake zilisimama wima, milango ilifunga vizuri, mama aliingia nyumbani mwake na tukacheza. Miaka tisa tulikaa tukijisifu kwamba yule mzee alitutisha bure.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua ilipiga sana milimani, na Mulongwe ikaacha mkondo wake. Wasomaji wa hapa wanaukumbuka usiku huo bila kuambiwa. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mito inashuka kwa kasi kutoka kwenye mteremko mkali, na milima yenyewe imevuliwa miti kwa ajili ya makala na mashamba. Maji yalikuja na matope, miti na mawe, yale yale ya mviringo. Tulimtoa mama mgongoni mwa ndugu yetu mdogo. Ukuta wa upande wa mto ulianguka mzima mzima, kama mlango uliosukumwa, kwa sababu maji yalikula udongo chini ya fondasio. Jirani zetu wawili hatukuwaona tena. Mjini mzima watu walikufa kwa makumi, na nyumba zilizoharibika zilihesabiwa kwa maelfu.

Basi kosa lilikuwa la nani? Fundi kijana alifanya tulichomwomba. Sisi ndio tuliomfukuza aliyetwambia hapana, tukamtafuta wa kutwambia ndiyo. Kumbe hekima ya wazee ilikuwa na faida nyingine pia: nyumba ya miti na udongo, ukikosea mahali, unahama na kujenga tena kwa mikono ya majirani. Nyumba ya simenti haikusamehe. Feza ya miaka yote imelala palepale.

Tulipoanza upya, tulirudi kwa yule mzee. Tuliogopa atatucheka. Hakutucheka, alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe, akatufundisha. Yale aliyotufundisha, pamoja na yale tuliyojionea wenyewe, ndiyo tunayomwachia anayetaka kujenga.

Kwanza, muulize fundi juu ya mahali kabla ya kumwuliza bei. Fundi ambaye haoni chochote cha kukuonya katika paseli yako, ama hajaitazama, ama anaitazama avansi. Usimwache peke yake: waulize pia wazee wa kartie maji yanapita wapi. Na usifikiri mto tu. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi miaka mfululizo, maji yanapanda. Yalipanda miaka ya 1960, yakapanda tena 2020 na 2021, na 2024 tuliona nyumba za ufukweni zikisimama majini. Ukikimbilia mlimani, nako udongo huporomoka.

Pili, usichimbe fondasio kabla karatasi hazijanyooka. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali. Karatasi ya kununuliana si sertifika. Fundi mwema atakuuliza karatasi, maana hataki kujenga kitakachobomolewa.

Tatu, nenda ukaone kazi zake za zamani, si ile ya mwaka huu. Tafuta nyumba aliyoijenga miaka mitano iliyopita, ingia wakati wa mvua, zungumza na mwenyewe fundi akiwa hayupo. Angalia pembe za madirisha, maana nyufa huanzia pale. Na muulize fundi atafungaje kuta zako kwa mkanda wa betoni na vyuma juu ya madirisha. Hapa ardhi inatikisika: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lilitoka Ziwa Tanganyika lenyewe, na tarehe 3 Februari 2008 lingine liliangusha nyumba na kuua watu pande za Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi.

Nne, patana mbele ya mashahidi, na kwa maandishi. Lipa kwa hatua: fondasio ikiisha, kuta zikiisha, mabati yakipanda. Avansi kubwa humfanya fundi aende kuanza kazi ya mwingine. Siku ya kuchanganya simenti uwepo, wewe au mtu wako. Chukua mchanga, uufinye mkononi. Ukikuachia tope, urudishe. Na umpe fundi chakula. Wazee hawakukosea: mtu aliyekula kwako hufanya kazi kama ya kwake.

Leo mama anakaa katika vyumba viwili tu, mbali na mto, juu ya fondasio ya mawe iliyochimbwa hadi udongo mgumu. Ni nyumba ndogo kuliko ile ya kwanza. Mzee alituambia feza yetu inatosha vyumba viwili vizuri au vinne vibaya, na safari hii tulimsikiliza.

Tulipomwuliza kwa nini mwaka ule hakujenga tu, apokee feza yake kama wengine, alijibu: "Mimi ninakaa mji huu huu. Kila siku ningepita pale."